Mlima Uliomponyoka Elzéar

Tangu moto ulipomponyoka, Elzéar Gaudreault hakuwasha tena hata kiko chake. Mkewe, Arthémise, ndiye aliyewasha jiko, naye Elzéar alitoka nje mpaka kuni zikolee.

Alikuwa amekata misonobari na kuchoma matawi ili apate shamba, kama walivyofanya walowezi wote wa Ziwa Saint-Jean. Upepo ukageuka. Kufikia jioni mlima mzima ulikuwa majivu, na jirani yake Ludger alikuwa amefia zizini akifungua ng'ombe. Siku hiyo mioto ilikuwa mingi, hakimu akashindwa kusema upi ni wa nani. Philomène, mjane wa Ludger, hakushindwa.

Kiangazi cha pili, mlima ukawa buluu. Bluberi, vitunda vya buluu vya porini, zilikuwapo siku zote chini ya misonobari, kwenye vichaka dhaifu visivyofika goti, vimenyimwa jua. Moto ulikula miti, lakini haukuifikia mizizi iliyotambaa ndani ya mchanga ule mchachu uliowahi kukataa ngano. Theluji ikavifunika vichipukizi visiuawe na baridi, kisha jua likavipata. Vikazaa hadi watu wakachuma wakiwa wamepiga magoti.

“Elzéar! Mkulima wetu mkubwa!” vijana walimwita wakishuka na masanduku. “Mwaka huu umetupandia vizuri!”

Aliinamisha kichwa, akapita. Philomène hakucheka nao. Alichuma na wanawe, akauza, akanunua unga na viatu.

Miaka ikaenda. Misonobari michanga ikapanda tena, ikaleta kivuli, na bluberi zikapungua mpaka mtu akawa anashinda mlimani na kurudi na ndoo nusu. Ndipo, theluji ikiwa ndiyo kwanza inayeyuka, Philomène akabisha hodi kwenye mlango wa Elzéar, ambao hakuwa ameugusa tangu maziko ya mumewe.

“Jirani, mlima unataka kuchomwa.”

Elzéar alidhani anadhihakiwa. “Katafute mwingine.”

“Wengine watangoja ardhi ikauke ili wasipate tabu. Wewe unajua hiyo ilitufikisha wapi.”

“Philomène, we! Huna hata chembe ya huruma?” Arthémise akadakia.

“Huruma haimvishi mtoto viatu, mama. Mumeo akikataa, nitawasha mwenyewe.”

Elzéar alimtazama, akajua hatanii.

Wakachimba mtaro kuzunguka kipande kimoja, wakangojea asubuhi isiyo na upepo, udongo ungali na unyevu chini. Arthémise alisimama na ndoo za maji. Kiberiti kikamdondoka Elzéar, akakiokota, kikamdondoka tena. Philomène akakichukua, akawasha, akamtia njiti ile mkononi.

Moto ukatambaa. Ulilamba nyasi, ukala misonobari michanga, ukautamani mtaro. Kila ulipoinua kichwa Elzéar aliupiga kwa tawi bichi, mpaka nyusi zikamwungua. Ulipozimika, aliketi kwenye masizi akalia kama mtu aliyefiwa siku hiyohiyo.

Philomène alisimama kando, hakumgusa.

“Usidhani nimekusamehe.”

“Sidhani.”

“Haya. Kesho upite tena uangalie visiki. Moto hujificha.”

Mwaka ule vichaka vilitoa majani matupu, na Philomène alipitisha miezi kwa kufua nguo za watu. Mwaka uliofuata vikazaa sana. Kila kivuli kiliporudi, alimfuata Elzéar tena, naye alikwenda, kisha akashinda siku kadhaa bila kugusa chakula. Bluberi hakuzionja kamwe. Arthémise alipopika jamu, mumewe alikula mkate mkavu, na watoto wakazoea kutouliza.

Ugonjwa wa mapafu ulimwua Elzéar angali na nguvu za kushika shoka. Philomène alikuja matangani mapema kuliko wengi, akakunja mikono ya gauni, akakoroga supu ya njegere ya wageni. Arthémise akamwambia, “Ingia umwone, dada.”

“Niache hapa,” alisema. Akashinda jikoni mpaka jeneza likatoka.