Sauti ya Nne

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu hainipiti hivi hivi. Nikiingia ofisi iliyosuguliwa asubuhi hiyo, husimama mlangoni kama mtu aliyesahau shida iliyomleta, maana narudi moja kwa moja sebuleni kwa Padri, misheni ya kwetu, upande wa Mbekenyera, miaka ile ya hamsini. Sakafu yake iling'aa hata ukaogopa kuikanyaga. Mama alijifuta miguu kwenye gunia la mlangoni mpaka mpishi wa Padri akamwambia vumbi limekwisha, sasa anajichuna ngozi.

Tulikuwa tumekwenda kumsikiliza kaka yangu Kasimiri.

Kasimiri alikuwa kifungua mimba wa mama na mimi kitinda mimba. Wa katikati hawakukaa. Kaka alikuwa na sauti usiyoweza kuichanganya na ya mtu mwingine. Akifukuza ndege katika mtama wetu, wanawake waliokuwa mtoni walijua ni yeye. Kanisani ilikuwa taabu. Mwalimu Silvanusi, kiongozi wa kwaya, alimgombeza kila Jumamosi kwa kuwazidi wenzake, na mama, ambaye neno la mwalimu kwake lilikuwa amri, alimsihi ajifunze kuimba kama watu.

Akajifunza. Akasoma, akafaulu, akapanda shule moja baada ya nyingine, mwisho akafika chuo kikuu huko Uganda na kuingia kwaya yao. Tulijivuna hata tukachosha majirani. Kisha homa ikamkamata, akafa. Habari zilipotufikia alikuwa ameshazikwa kulekule zamani. Mama hakuwa na kaburi la kupalilia, wala picha hatukuwa nayo.

Ndipo ikaja santuri. Kwaya ya chuo ilirekodiwa kabla Kasimiri hajaugua, na wenzake wakamtumia Padri moja. Ilikuja kwa lori kutoka Nachingwea, imeviringishwa katika blanketi: upande mmoja nyimbo za Kanisa, upande wa pili za kidunia. Padri alipomtuma mtu aje kusema kuwa sauti ya mwanawe imefika, mama alioga, akavaa khanga za sikukuu. Mimi niliamini kabisa kwamba kaka atatusalimu.

Padri alizungusha mpini wa gramafoni, akaweka sindano. Wakaanza kuimba Kilatini, watu wengi, kwa uzuri ambao sikuwahi kuusikia. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, kichwa kakiinamisha upande mmoja, kama anayesikiliza mtoto anayelia nyumba ya tatu. Upande ule ulipokwisha akauliza, yuko wapi?

Mwalimu Silvanusi, ambaye naye alikuwapo, alimweleza polepole, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kimwera, kwamba kwaya ina sauti nne, na Kasimiri yumo katika ya nne, ile nzito ya chini.

"Basi hizo tatu zinyamazisheni," mama akasema, "nisikie ya nne."

Padri akatazama sakafu yake. Mwalimu akasema haiwezekani, zimeshashikana. Wakageuza upande wa pili, zikaja nyimbo za safari, za mapenzi, za kupiga makasia, na humo pia Kasimiri hakupatikana. Mwalimu, akidhani anafariji, akasema hiyo ndiyo sifa ya kwaya bora: huwezi kumsikia mmoja.

"Mwalimu," mama akasema, "mimi sikuzaa kwaya."

Alisema taratibu tu. Aliyelia ni mimi, kwa kuwa nilidhani wamemficha.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa tulirudi, na Padri hakutunyima hata mara moja. Mama alizizoea nyimbo zile hata akawa anapepeta ufuta huku akiimba chinichini Kilatini asichokijua. Kisha akaacha kwenda. Wanawake wenzake walisema amepoa, Mungu amemfariji. Padri alisema hivyohivyo. Nami nilifurahi, maana sasa Jumapili nilipata kucheza.

Miaka ikapita. Nilikuwa mwalimu Nachingwea, mama amezeeka, nilipomwambia siku moja kwamba naweza kuiomba santuri ile misheni, nikamletea nyumbani. Akakataa. Nikamuuliza sababu, naye akajibu akiendelea kuchambua mboga.

"Kabla ya santuri nilikuwa naye. Nikifumba macho, namsikia. Nikaenda kwa Padri, nikawasikiliza wale, nikawasikiliza, wakammeza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile tuliyoiita faraja ilikuwa msiba wake wa pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole. Nikataka kumwambia asihuzunike, mimi bado ninayo sauti yake, mimi nilikuwa mtoto na watoto hawasahau. Nikamtafuta kaka yangu kichwani ili nimweleze mama alivyokuwa akiita, nikakuta Kilatini kitupu.