Chujio la Kuazima

Mmewahi kuona koti moja likioa ukoo mzima? Anaoa kaka, linavaliwa. Anaoa mdogo wake, linavaliwa. Mpaka binamu naye aje kuliomba, limeshapauka mabega.

Basi mimi nimeona chujio la moshi likifanya hivyo kwa malori.

Mimi ni dereva wa lori la dizeli. Shule niliiacha njiani, nikikosea kuandika mnivumilie. Haya sikuyasoma popote. Niliyavuta kwa pua.

Malori ya tajiri wetu yalikuja kila moja na chujio lake. Ni chuma kinene kama mtungi, kinakaa kwenye bomba la moshi, na ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Masizi yanabaki humo, hewa inatoka safi.

Sasa, ndani ya hilo sega wamepaka madini ya thamani. Na madini hayo yana soko, tena soko la moto. Tajiri akayang'oa machujio yote, akauza, akatufungia mabomba matupu.

Ukaguzi je? Hapo ndipo penye mchezo.

Gereji ilikuwa na chujio moja tu. Lori likiitwa kukaguliwa, fundi wetu, Koleo, anajilaza chini analifunga. Likishapita linarudi yadi, chujio linafunguliwa, linafungiwa lori lingine.

Madereva tulicheka sana. Tukalipa jina: Bwana Harusi.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa na banda la chakula nyuma ya ukuta wa yadi, pale pale malori yanapopashwa injini asubuhi. Kikohozi kilimwanza kama mzaha. Mwisho akawa analala ameketi.

Nikamzika. Tajiri akaleta rambirambi, na humo humo akaniagiza kwamba kesho nina safari.

Banda akalirithi binti yetu. Haukupita muda nikausikia mlio ule ule kifuani mwake. Nikampeleka hospitali mbio. Daktari akasema huyu bado anaokoleka, ila atoke kwenye moshi, na asichelewe.

Binti akagoma. Banda ni la mama yake, na wateja wote wako pale.

Basi nikamfuata tajiri ofisini. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, mwenyewe ameegemea kiti. Sikuomba hela. Niliomba arudishe machujio.

"Wewe ni dereva au daktari?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni mzazi.

Akasema mzazi mwenye akili hatemi mate kwenye sahani anayolia. Nikatoka nimeufyata.

Ikafika zamu ya lori langu kukaguliwa. Koleo akamfunga Bwana Harusi, akanihimiza niwahi kurudi, wenzangu wanalisubiri chujio. Nikiwa njiani nikaapa: leo nasema, liwalo na liwe.

Kwenye ukaguzi wakaingiza kijiti cha mashine kwenye bomba. Safi. Nikapungiwa mkono niondoke.

Sikuondoka. Nilizima injini pale pale kwenye foleni.

Honi zikaanza nyuma yangu. Dereva mmoja akachomoza kichwa dirishani, akauliza kama babu amekata roho tukachangishane. Nikashuka. Nikasema namtaka mkubwa wao.

Mkaguzi mkuu akaja mwenyewe, mtu mpole, shati limenyooka kama karatasi. Nikamweleza yote, ya mke wangu na ya binti. Kazi naiona inayeyuka, lakini nikikumbuka kile kifua cha mwanangu naendelea kusema.

Akainama. Akamulika kwa simu. Akaligonga chujio kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Twende ofisini, mzee wangu."

Tulipoingia akafunga mlango kwa ufunguo. Akapiga simu mbele yangu, na aliyempigia ni tajiri wangu. Nikatega sikio nisikie tajiri akichambwa.

"Bosi," akasema, "chujio langu mnaliua. Nati zote zimelika. Mwambie fundi wako mimi sikodishi vyombo ili vikapigwe nyundo."

Langu.

Nilikaa kwenye kile kiti nikilirudia neno hilo kichwani. Anayekagua ndiye anayekodisha. Na yale mengine aliyouza tajiri yalinunuliwa na nani, sikuwa na haja tena ya kuuliza.

Akakata simu, akafungua mlango, akanipigapiga begani.

"Pole kwa kufiwa. Huyo binti mnunulie dawa ya kikohozi, wanauza hapo getini. Haya, rudisha gari, wenzako wanangoja."

Nikalirudisha. Koleo alikuwa ameshatandika boksi lake chini na spana mkononi. Nikamwachia ufunguo wa lori, nikazunguka nyuma ya ukuta.

Binti alikuwa anafunua sufuria. Nikamwambia tunafunga banda, sasa hivi.

"Baba, mama alikaa hapa mpaka mwisho. Mimi nikimbie?"

"Mama yako alingoja mwenye cheo aje auzime huu moshi. Haji, mwanangu. Anaukodisha."

Upande wa pili lori likawashwa, wingu jeusi likapanda ukuta na kutua juu ya chakula alichokuwa ameanza kupakua. Akakohoa hadi akashika meza kwa mikono miwili.

Alipopata pumzi, aliteremsha sufuria mwenyewe.

Leo mimi nasukuma mkokoteni, yeye anapika mtaa mwingine, wateja wa kuokoteza. Tuna njaa kiasi, pumzi tele.

Nawaachia hili moja. Wakubwa wakikwambia hewa imepimwa na ni safi, usiulize mashine imesoma nini. Uliza chujio ni la nani. Na kama una mtu wako kwenye moshi, usikae kungoja jibu.

Mtoe.