Gari Lililooshwa

Asubuhi ile niliondoka Louisville bila kujua naenda wapi. Gari langu lilikuwa limekufa kwenye maegesho ya nyumba za kupanga kule Highview. Ghala nililofanyia kazi lilikuwa mahali pasipofika basi, kwa hiyo kazi nayo ikafa. Nilitia nguo zangu kwenye begi, nikaenda kituoni, nikauliza basi gani linatangulia kuondoka. Wakaniambia Columbus. Nikapanda.

Sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, huko Kivu ya Kusini, na tangu hapo ninachojua nimekiokota njiani. Habari za magari niliziokota kwenye gereji moja nilikokuwa nafagia. Nilikuwa nauliza sana, mpaka fundi alinipa tochi akaniambia niingie chini ya gari nijibiwe na gari lenyewe. Ndivyo nilivyojifunza kwamba gari kuukuu hulifikii likiwa limekwisha washwa. Unakwenda asubuhi, unaweka kiganja kwenye boneti, na kama ni la moto unajiuliza mwenye nalo anakuficha nini. Unasikiliza namna linavyoamka. Kinywa cha muuzaji unakiacha kiseme peke yake.

Columbus nilifikia kwa mtu tuliyekuwa naye jirani kwenye kambi ya wakimbizi. Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu mama mmoja wa kanisani kwao, mjane, anayekaa Hilliard. Mumewe alikuwa amefariki karibuni, na gari lake lilikuwa linauzwa. Kulikuwa na familia nyingine inayolitaka, wazazi na watoto wao, na wangelifuata Jumamosi. "Wahi," aliniambia. "Marehemu alikuwa anaitunza ile gari kuliko bibi yake."

Niliwahi. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni ya maegesho, imekuwa nyeusi. Mama alitoka na kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi, funguo mkononi.

"Karibu, mutoto yangu. Bon, gari ndiyo ile."

Boneti ilikuwa baridi. Nikafurahi. Nikaifungua, na furaha ikaniishia. Injini ilikuwa safi kama sahani. Gari la umri ule, lililopita kwenye chumvi ya barabarani majira mengi ya baridi, halina haki ya kuwa safi hivyo. Muuzaji anayeosha injini anafuta oili inayovuja, na oili inayovuja ndiyo inayokuambia pa kuangalia.

"Mama, nani aliosha hapa?"

"Bamama ba chorale," akasema. "Siku ya kumaliza matanga. Balifua nguo zake zote, balisugua nyumba, halafu bakasema, na gari pia. Donc balifungua hapo, bakamwaga maji na sabuni, banaimba. Kilio ikiisha, kila kitu ya marehemu inaoshwa. Weye hauko mutu wa kwetu?"

Niko mtu wa kwao. Nilikuwa najua desturi hiyo tangu utoto, ila sikuwahi kufikiri kwamba ingefika hadi ndani ya injini. Akina mama wale wa kwaya walikuwa wamefuta alama zote kwa upendo, na mimi sikuwa na kitu cha kusoma.

Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa. Nikakagua tairi, nikainama kutafuta kutu. Mama alisimama akinitazama.

"Unaangalia gari kama unaangalia bibi ya kuoa! Angalia na meno."

"Bibi unaweza kumrudisha kwao, mama. Gari nani atanirudishia?"

Akacheka, halafu akaziba mdomo ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba hajaruhusiwa.

Nikawasha. Liliamka vizuri. Taa za dashibodi zikawaka zote, zikazimika zote, kama inavyotakiwa. "Kaa ndani, usikie moto yake," akasema mama. "Yeye alikuwa analala ndani ya ile gari, katikati ya kazi ya kwanza na ya pili. Hita yake ni muzuri sana." Akaingia ndani ya nyumba kuniwekea chai.

Nikafunga mlango. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu, na usukani ulikuwa umelainika mahali mikono yake ilipokuwa ikishika. Chini ya harufu ya sabuni kulikuwa bado na harufu ya mtu. Nilipandisha vioo kwa sababu ya baridi, nikafungua hita, nikaanza kusikiliza injini. Ilikuwa inazunguka sawasawa. Nikajiona niko barabarani, naelekea kaskazini, kokote. Nikafumba macho ili nisikie vizuri zaidi.

Kilichofuata ni kidole kinagonga kioo. Mama alikuwa amesimama na kikombe, chai imeshaacha kutoa moshi, na uso wake haukuwa ule wa mwanzo.

"Nimekuita. Nimekuita tena."

Niliteremka, ardhi ikayumba kidogo. Kichwa kilikuwa kinagonga kwenye paji la uso, nikalishika.

"Kichwa?" akauliza. "Na weye?"

"Na mimi vipi, mama?"

"Yeye kila siku alikuwa anarudi na kichwa inauma. Tuliomba sana. Mchungaji alimupaka mafuta. Halafu ile siku hakurudi. Balimukuta kwa parking ya kazi, analala, injini ya gari ingali inawaka. Badaktari balisema ni moyo, sababu alikuwa na presha. Balitaka kumupasua baone vizuri, sisi tulikataa. Mutu anazikwa na mwili mzima."

Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia boneti.

Kuna jambo moja ambalo sabuni haiwezi kulifuta. Ukiziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara nene, injini hukohoa na kutaka kuzimika, kwa sababu moshi unakosa pa kutokea. Nikamwomba mama tambara. Akaniletea taulo. Nikapiga magoti kwenye theluji, nikalisukumia kwenye mdomo wa bomba kwa mikono miwili, nikasubiri kikohozi.

Hakikuja. Gari liliendelea kunguruma kwa utulivu, na kutoka katikati yake ikasikika pumzi ndefu ya kufoka, kama ya mtu anayepulizia kati ya meno. Lilikuwa na pengine pa kupumulia. Nikalizima, nikalala chali na tochi. Chini ya kiti cha dereva, mahali maji ya akina mama hayakufika, chumvi ilikuwa imekula bomba, na pembeni ya tundu kulikuwa na masizi meusi. Juu yake sakafu ya gari ilikuwa imeoza, kutu imechanika kama karatasi.

Nilikaa chini pale muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Ningeweza kutoka na kusema tu kwamba silitaki. Lakini Jumamosi ingefika, na watoto wangekaa kiti cha nyuma.

"Sema," akasema mama, kabla sijasimama.

"Bomba limeoza, mama. Moshi unaingia ndani. Hauonekani, na ule wenye sumu kali hauna hata harufu. Sijui kama ndio uliomchukua, hakuna anayeweza kujua sasa. Lakini unaingia."

"Mimi nilibeba bamama ba chorale ndani yake Jumapili."

"Vioo vilikuwa wazi?"

"Wazi, na hii baridi. Bote banagombana. Mimi nilisema hapana, harufu ya bwana yangu itanimaliza."

Alitoa simu, akaipigia familia ile. "Hapana, haiuzwi. Hapana, hata kidogo." Kisha akaitia mfukoni na kuniuliza lile ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu msiba. Kama mumewe alisikia maumivu. Kama alimwita mtu.

Mara nyingi mtu akiulizwa hivyo husema uongo wa huruma. Mimi sikuhitaji. Nilikuwa nimetoka kukaa kwenye kiti kile.

"Hapana, mama. Usingizi unakuja mtamu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Nilimwachia funguo, naye akanipa chapati mbili kwa ajili ya safari, ingawa sikuwa nimemwambia kwamba nasafiri.

Nilipanda basi la Buffalo kwa sababu ndilo lililokuwa linakwenda mbali zaidi na Hilliard. Mchana wa siku iliyofuata niliteremka Kensington-Bailey, nikauliza kwenye duka lenye mboga za fumbwa na samaki wakavu dirishani, nikaelekezwa kwa mama Mrundi anayepangisha chumba cha juu. Kilikuwa chumba kizuri, kitanda kimewekwa karibu na tundu la hewa ya moto.

"Moto huu unatoka wapi, mama?"

"Chini, kwenye tanuru."

"Naweza kuliona?"

"Umekuja kupanga au kununua nyumba?" Lakini alinipeleka. Nikapapasa maungio ya bomba moja moja. Yalikuwa mazima.

Nikapanda, nikavua viatu, nikajinyoosha. Nilikuwa nimechoka kweli, na jua la baridi lilikuwa ukutani. Usingizi ukaanza kuja, mzito na mtamu. Nikaushtukia. Nikainuka, nikafungua dirisha, theluji iliyokuwa kwenye kizingiti ikaangukia blanketi.

"Funga hilo dirisha!" mama akaita kutoka chini. "Unapasha moto Buffalo nzima?"

Nililivuta hadi upenyo wa kidole, nikaweka uso wangu pale.