Mtamba Wetu Alipoitwa Matangani

Mume wangu alipostaafu kazi ya ofisi Nairobi, alinunua kofia pana ya ngozi kwanza, ng'ombe baadaye. Ningekuwa na akili ningerudi mjini siku hiyo hiyo. Shamba la marehemu babake huku nyuma ya Sori, mawe na nyasi kavu, likageuka "ranchi". Mgeni akija hapewi hata chai kabla hajaonyeshwa mipaka.

Mimi miaka yote nilikuwa msusi. Ng'ombe nilimjua akiwa sufuriani. Lakini ranchi ilikuwa ya mzee na kazi zilikuwa za mama, basi nikajifunza kukamua, kunyunyiza dawa ya kupe mpaka ndani ya masikio, kukata majani ya nepia, kuzoa mavi kabla sijaonja kitu. Yeye alisimamia. Kusimamia, alinieleza, ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana akili haipumziki. Alizunguka zizini akitaja protini na jenetiki, maneno aliyoyaokota kwenye video za simu, halafu akaingia ndani kulala. Haki ya nani, kuna siku nilimwombea pembe ya fahali, kidogo tu, hapo pa kukalia.

Mmoja nilimpenda kweli: mtamba wa gredi, mwenye damu ya kizungu, tuliyemtoa upande wa Oyugis, mimba yake ya kwanza. Nilimzoesha molasi. Nikigonga ndoo anakuja mbio kutoka mwisho wa shamba, na wengine wote nyuma yake. Wiki ile daktari wa mifugo alikuwa ametuonya kwamba siku zake zimekaribia, asikimbizwe hata kidogo, la sivyo tutampoteza yeye na ndama.

Ndipo baba mdogo wa mume wangu akafariki, yule aliyemlea baada ya babake kufa. Kwetu Wajaluo, mzee wa heshima akiondoka tunafanya tero buru. Ng'ombe wa ukoo wanakusanywa, wanaume wanawakimbiza hadi mpakani kwa mikuki, filimbi na makelele ili kukifukuza kifo, kisha wanarudi nao mbio mpaka uwanjani kwa marehemu. Na desturi hiyo sina ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa na bwana ranchi, aliyetutangazia kila siku kwamba ng'ombe wake ni biashara, hawaendi matanga. Wazee walipokuja kwa adabu kuomba fahali mmoja, kichwa kikamvimba.

"Chukueni wote," akasema. "Hata ile ya gredi. Huyu si mtu wa kusindikizwa na ng'ombe moja!"

Walipotoka nikamvaa. "Mzee, umesahau daktari alisema nini? Ana mimba!"

"Na watu watasema nini, mama watoto? Kwamba nimemficha baba yangu ng'ombe ya maana?"

"Watasema amezaa salama."

"Hayo ni mambo ya wanaume." Akaenda kutafuta mkuki wa kuazima.

Nilikasirika mpaka nikasahau kupika.

Kesho yake nilisimama kwenye lango letu, roho mkononi. Vumbi lilitangulia, kisha filimbi, kisha mume wangu, mbele ya wote, mkuki ameushika kama mwiko wa ugali. Katikati ya kundi nikamwona mtamba wangu, ulimi nje, tumbo likiyumba huku na huku. Sikufikiri. Nilichota molasi, nikaigonga ile ndoo kwa nguvu zangu zote.

Yawa! Mtamba akageuka. Fahali akageuka. Wetu wote wakageuka, na wa majirani, ambao hawajawahi kuonja molasi, wakafuata kwa udaku tu. Punde si punde ng'ombe wa ukoo mzima walikuwa zizini kwangu wakisukumana, na nje wamebaki wanaume na mikuki, wanafukuza kifo kwa miguu. Mume wangu hakuwa na habari. Alikuwa bado anakimbia peke yake kuelekea mpakani, akipiga kelele za ushujaa.

Alirudi akifoka. Alinikuta nimepiga magoti kwenye mavi, kwato mbili zimeshatokeza. Alitupa mkuki, akavuta pamoja nami. Ndama alipoanguka, alivua koti lake la matanga akaanza kumpangusa, na hapo ndipo akalia, kwa sauti, "Baba, baba," kilio ambacho tangu msiba uingie hakuwa amekitoa. Nilimshika bega tu.

Jioni nilikwenda kwa mjane wa marehemu kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mama yule aliketi mkekani, macho yamevimba, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Amezaa?"

"Amezaa, mama. Jike."

"Vizuri." Akanisogezea nafasi mkekani. "Sina kinyongo, mwanangu. Mzee mwenyewe angecheka. Lakini hebu niambie, siku ya huyo mumeo ikifika, utamzuia ng'ombe yupi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa utani, maana utani ndio ninaoujua. Lakini nikamwona tena yule mwanamume wangu mpumbavu kwenye mavi, na koti lake.

"Hakuna, mama," nikasema. "Wachukue wote. Hata mwenye mimba."