Sombe Bila Samaki

Nina hasira za karibu, na siku zote nimejisifu kwamba hazikai. Mama mkwe wangu alikuwa akisema nawasha moto kwa ulimi na kuuzima kwa ulimi huohuo kabla maji hayajachemka. Hasira ninayotaka kuieleza hapa nayo ilizimika upesi. Nilichokifanya nikiwa nayo ndicho kilichobaki.

Ofisi yetu ilikuwa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, nyumba ya vyumba vinne iliyopakwa rangi ya buluu hadi magotini, na kazi yetu ilikuwa visima. Tulichimba vipya na kufufua pampu zilizokufa, kwenye makazi ya wakimbizi, vijijini na visiwani. Mimi nilikuwa mkalimani. Nilivuka ziwa kutoka Kongo miaka mingi iliyopita nikiwa na watoto wawili na sufuria moja. Nilikuwa nalima mihogo yangu makazini walipokuja kutafuta mtu anayejua Kiswahili chetu, Kibemba, na Kiingereza cha kutosha kukosea. Ofisini tulikuwa wanne wa kila siku: mimi, dereva ambaye ni mtu wa hapohapo ziwani, na Wahindi wawili. Mmoja alikuwa binti mchangamfu aliyechora ramani kwenye kompyuta. Mwingine alikuwa injinia wa pampu, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

Wiki yangu ya kwanza nilipika sombe. Wageni wa vyakula vyetu wajue tu kwamba ni majani ya muhogo, yametwangwa, yakachemshwa mpaka yakasalimu amri, kisha karanga, na chisense, wale samaki wadogo wa Mweru wanaoanikwa mchangani. Nilibeba sufuria kichwani asubuhi, na saa sita nikaiweka katikati ya meza na bukari, ugali wetu, pembeni. Kwetu mtu mpya kazini halali njaa wala halazi wenzake njaa. Injinia alikuja akiwa amenawa, akavuta kiti, kisha akauliza kwa Kiswahili kile alichokuwa anajifunza:

“Mama, samaki iko ndani?”

“Iko, papa. Chisense. Tena mingi.” Papa kwetu ni baba, si samaki.

Mkono wake ulirudi. Alikutanisha viganja, akaniomba radhi mara mbili, akaenda kukaa mezani kwake na vikopo vyake vya chuma, wali na dengu. Baada ya kula aliosha kijiko chake peke yake, akakifuta, akakitia mfukoni. Niliona kijiko kile kikiingia mfukoni nikahisi uso unawaka.

Kwetu kumega kwenye sufuria ya mtu ni kumwambia kwamba unamwamini. Anayekataa anasema kitu kingine, na hahitaji kufungua mdomo. Siku ile nilikumbuka kila neno baya nililowahi kusikia juu ya Wahindi tangu utotoni, maneno ya watu ambao hata hawakuwahi kukaa na Mhindi mmoja. Nikayakusanya yote nikamvisha yule mtu mwenye miwani ya uzi.

“Banatuzarau,” nilimwambia dereva. “Banaona sisi ni uchafu.”

Binti wa ramani alinisikia. Hakujua Kiswahili, lakini sura yangu aliielewa, akaja akachota bukari na sombe mbele yangu, akala, akaniambia kwa Kiingereza kwamba yeye anakula kila kitu isipokuwa viatu, na nisidhani Wahindi wote ni yule. Nilicheka. Sikumsikiliza. Baadaye binti huyo akawa mtu wa kushinda na kulala huko Chienge kupima barabara, na meza ikabaki ya watu watatu.

Jumatano iliyofuata nilichukua chisense nikawakaanga kavu, nikawatwanga pamoja na karanga mpaka wakawa unga. Hata mimi nisingewaona. Niliweka sufuria mezani, injinia akasogea, akauliza swali lake.

“Haiko,” nilisema. “Leo ni karanga tu. Juu yako.”

Juu yako, yaani kwa ajili yako. Niliongeza na hilo.

Alikula. Alifumba macho kidogo, akamega tena. Mtu ambaye hajawahi kuonja samaki maishani atamjuaje? Harufu nayo ilikuwa kila mahali, kwenye barabara, kwenye nguo zetu, kwenye pesa za sokoni. Dereva alitia tonge la kwanza kinywani akaacha kutafuna. Yeye chisense ni kama maziwa ya mama yake.

“Bamayo,” alisema taratibu, yaani mama kwa Kibemba, “iyi haiko na samaki kweli?”

“Kula,” nilimwambia.

Akala, na hakuuliza tena siku yoyote. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilirudi nyumbani na sufuria tupu nikiimba.

Ikawa desturi. Kila Jumatano injinia aliacha vikopo vyake nyumbani. Aliita chakula hicho “mboga ya Mama” na aliwaambia wageni wa ofisi kwamba hapa mbali amepata jiko moja tu la kumlisha. Nami nikaanza kumpenda, ndilo jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa mtu wa kuuliza. Aliandika maneno ya Kiswahili kwenye daftari la mistari, akanisomea kila asubuhi niyasahihishe. Malaria iliponilaza, alikuja makazini na dereva, akakaa kwenye mkeka wangu bila kupangusa vumbi, akauliza kwanza kama kuna kitu nisichokula. Nikamwambia kanisani kwetu hatuli samaki asiye na magamba, kambare hasa. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akaandika kwenye daftari.

Tulikuwa tunatoka Kafutuma, gari limenasa mchangani, dereva ameenda kutafuta watu wa kusukuma, ndipo aliponieleza. Alisema kwao ni pwani, wavuvi watupu, baba yake na kaka zake wote wanakula samaki. Yeye peke yake alizaliwa mgonjwa. Mama yake alimbeba mpaka hekaluni akaweka nadhiri: mtoto akipona, kitu chochote chenye pumzi hakitaingia kinywani mwake wala mwa mtoto, maisha yao yote. Akapona. Baba alicheka, kaka zake walimchokoza na vichwa vya samaki, lakini yeye na mama yake walikula pembeni, wawili, kutoka kwenye vyombo vyao. Mama sasa ni mzee sana, haoni vizuri, na bado anashika neno lake. Kila akimpigia simu humuuliza jambo moja, kama anakula vizuri.

“Ninamwambia kuko Mama moja huku,” alisema. “Anafurahi.”

Nilitazama mchanga. Kijiko kile kilichoingia mfukoni, sikukumbuka kitu kingine. Hakikuwa dharau, kilikuwa chombo cha mama yake. Mimi ni Mkristo, najua nadhiri ni nini. Nilitakiwa kufungua mdomo palepale, tulikuwa wawili tu na hakuna aliyekuwa na haraka. Dereva akatokea na wanaume wanne, gari likatoka, nikaona afadhali.

Jumatano hiyo nilipika sombe safi, karanga na chumvi tu. Alikula nusu. Akaniuliza kama nimemkasirikia, maana chakula kimebadilika. Niliona kwamba akiendelea kuuliza kilichopungua, atafika. Basi Jumatano iliyofuata nilirudisha unga wa chisense, kidogo, wa kubana kwa vidole viwili. Akafurahi. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, na hasira ina udhuru wake. Mara hii nilijua kila kitu, na niliweka kwa woga. Nimejaribu miaka hii kuiita jina jingine, sijapata.

Mficha uchi hazai, wanasema wakubwa. Mimi nilificha, na kila Jumatano ilikuwa nzito kuliko iliyopita.

Kisha ikaja siku ya kisiwa cha Chisenga. Tulivuka kwa boti ya injini kwenda kutazama pampu ya kambi ya wavuvi, na akina mama wa kule, kwa furaha ya maji kurudi, walitupikia. Injinia walimpa bukari na ndizi, dereva alikuwa amewaeleza. Mimi nililetewa sahani ya samaki wa moshi kwenye mchuzi, vipande vipande, bila kichwa wala ngozi. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimeshamega tonge.

“Ngoja, Mama,” alisema injinia.

Akainuka, akaenda mpaka jikoni kwao, mtu ambaye moshi wa samaki humfanya akohoe. Nilimsikia akiuliza kwa kile Kiswahili cha daftari lake: “Hii iko samaki ya ndevu? Mama yetu hakulaka ya ndevu.” Akina mama wakacheka, wakasema siyo, ni samaki mwingine. Hakuondoka. Aliomba kuona kichwa. Wakabishana, mmoja akafunua sufuria, na kichwa kikatolewa, kipana, na ndevu zake zote. Hawakuwa na nia mbaya, kwao samaki ni samaki. Akarudi, akaichukua sahani yangu kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya dereva, akanigawia nusu ya ndizi zake.

“Asante, papa,” nilisema.

“Si kitu. Niliuliza juu yako.”

Dereva alinitazama, kisha akatazama sahani. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyavu zilizoanikwa, nikalia kama mtoto. Nilijiapia kwamba nitamwambia kwenye boti. Kwenye boti injini ilipiga kelele, na yeye alikaa mbele akipeperushwa, ameridhika, na mimi nilinyamaza mpaka gati la Nchelenge.

Mradi ulifungwa mwisho wa mwaka huo. Siku ya kuaga aliniomba nimwandikie namna ya kupika. Kwao mihogo ipo tele, alisema, lakini majani wanawapa mbuzi; atamwonyesha mama yake ni hasara gani. Nikaandika kwenye daftari lake: majani, karanga, chumvi, kitunguu. Mkono wangu wenyewe. Aliukunja ukurasa ule pembeni ili asiupoteze.

Ujumbe ulinifikia kwa simu makazini, nikiwa napika maharage. Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake sauti nyingine, nyembamba, ya kizee, ikisema maneno nisiyoyajua. Alisema wamepika mara tatu. Mama yake ameipenda, anataka kumpikia mwenyewe kila wiki, amelazimisha apelekwe jikoni japo haoni. Lakini yeye anamwambia bado, si ile. “Mama,” alisema, “tunasahau nini? Mama yangu anakuuliza.”

Nilikaa na simu ile mapajani mpaka maharage yakaungua. Ningeweza kusema ni udongo, ni karanga za huku kwetu Luapula, angeamini. Lakini nilimwona yule bibi akipapasa kwenye rafu, akitafuta kwa vidole kitu nilichokiiba kwake. Nikabonyeza. Nikasema: “Papa, ni chisense. Nilikuwa naitwanga, naiweka. Kila siku ya tatu ya kazi, ile Jumatano yetu. Hata kisha weye kunielezea juu ya mama yako, niliweka tena. Usimupe mama yako ile. Unisamehe.” Nikatuma kabla ya hasira au woga kunipa ushauri mwingine.

Alama zikaonyesha amesikiliza siku hiyohiyo. Jibu halikuja. Ikapita Jumatano, ikapita nyingine. Watoto wangu, ambao sasa ni watu wazima, waliuliza kwa nini sipiki sombe, nikawaambia majani yamekomaa.

Jibu lilipokuja lilikuwa la maandishi, na kwa Kiswahili, kile nilichomsahihishia asubuhi kwa asubuhi. Hakukuwa na kosa hata moja ndani yake.

“Mama, kule Chisenga miye niliuliza juu yako.”

Hakuandika kitu kingine tena.