Meneja Ambaye Hakuwahi Kuwepo

Mtaani kwao walimwita Shangazi, naye ni mwanamume. Jina lilianza kwa mzaha siku alipoonekana uani akianika nepi, vibanio vya nguo kavibana kwa meno, na kama ilivyo tabia ya majina ya mzaha, likaota mizizi. Yeye hakulikimbia. Wanaume wa kibanda cha kinyozi walipomwita, aliwageukia na kuwauliza, "Kama mimi ni shangazi yenu, mbona sijasikia shikamoo?"

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mtambo wa kuchapa vitabu, tena fundi hasa. Kisha binti yake akazaliwa njiti, mdogo kiasi kwamba waliishia kumwita Kinda, na mapafu yake yalikuwa ya kusuasua. Daktari akaonya mtoto asilelewe mahali penye vumbi wala asipitishwe mikononi mwa watu wengi. Mama wa mtoto alikuwa mkunga wa hospitali, na mshahara wake ndio uliokuwa ukiibeba nyumba. Mke na mume wakaketi ukingoni mwa kitanda, wakatazamana.

"Mmoja wetu abaki," mke akasema.

"Nitabaki mimi."

Hakuna aliyelia, hakuna aliyepiga kifua. Kesho yake fundi akaaga kazini.

Miaka mitano ikapita. Kifua cha Kinda kikapona, akaanza shule, na baba akabaki na nyumba iliyofagiwa na mikono inayowasha kwa hamu ya kazi. Akatuma wasifu wake wa zamani, uliokomea pale alipoachia, kana kwamba mwenyewe alifariki mwaka ule. Hakuna aliyemjibu, hata kwa kumkataa.

Kaka yake, mwenye duka la vipuri vya magari, alipouona akapiga makofi kwa kicheko. "Bwana mdogo, unatembeza sivii yenye shimo la kuzikia ng'ombe! Andika ulikuwa meneja wa ghala langu. Wakinipigia simu nitakusifu mpaka masikio yawaume."

"Sijawahi kuuza hata skrubu dukani kwako, kaka."

"Nani anajua? Ukiandika ulikuwa unalea mtoto watasema umefukuzwa mahali. Mwanaume mzima!"

Alikuwa amechoka kupuuzwa, na mchovu hata ngazi mbovu huipanda. Akakubali. Akaenda steshenari ya mtaa wa pili, kwa dada mmoja aliyewachapia watu barua na wasifu huku akitafuna ubani bila kupumzika. "Mapengo niachie mimi," dada akamwambia. "Nayaziba kuliko daktari wa meno." Kabla chai yake haijapoa, fundi alikuwa amegeuka meneja.

Jioni mkewe akarudi kutoka zamu, akavua viatu, akaikuta ile karatasi mezani. Akaisoma akiwa amesimama. Hakugomba.

"Baba Kinda, huyu meneja mimi simjui," akasema. "Miaka yote hii alikuwa ghalani. Sasa binti yangu alilelewa na nani?"

"Ni karatasi tu, Mama Kinda."

"Karatasi, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa natoka hapa kwenda kuzalisha wake za watu, moyo umetulia, kwa sababu nilijua upo. Leo ndiyo unaona haya?"

Yale maneno yalimchoma kuliko jina lolote la kibanda cha kinyozi. Akakumbuka pumzi za Kinda zilivyokuwa zikikwama, naye ameketi wima, mtoto kifuani, akihesabu kila pumzi kama mtu anayeokota shanga gizani. Hayo ndiyo ya kufichwa kama bidhaa ya wizi? Hasira ikampanda, akakosa wa kumtupia ila yeye mwenyewe.

Kulipokucha akarudi steshenari. "Dada, mfute huyo meneja."

"Kaka yangu, utakosa kazi."

"Nikikosa, nikose kwa jina langu. Andika nilikuwa nyumbani nikimlea binti yangu mgonjwa, na sasa amepona."

Dada akaacha kutafuna. Akamtazama kidogo, kisha akavuta kiti. "Haya. Kama ni ukweli, basi tuuvalishe viatu, usitoke pekupeku."

Akaanza kumhoji kama askari. Ikajulikana kwamba miaka ile, mtoto alipolala, alikuwa akipanga kurasa za kadi za harusi na vijitabu vya mikutano kwenye kompyuta kuukuu, tena akiwatengenezea watu printa zilizowashinda.

"Na hayo hukuyaandika?"

"Niliona ni vibarua tu."

"Kibarua si kazi? Wewe nawe!" Akayaandika yote. Akaipandisha juu mitambo aliyowahi kuiendesha, akafuta shule ya chekechea na ule mstari wa kwamba anapenda kutazama mpira. Sentensi ya malezi ikakaa katikati ya ukurasa, fupi, haimwombi mtu radhi.

Safari hii kiwanda kikubwa cha uchapaji kilimwita. Mezani walikuwa watatu. Ofisa utumishi, tai imemkaba shingo, akaweka kidole juu ya ule mstari.

"Hapa unasema ulikuwa... unalea?"

"Ndiyo."

"Mkeo alikuwa wapi?"

"Kazini."

Ofisa akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Tutajuaje kwamba mtoto akikohoa hutatukimbia?"

"Akiugua nitaomba ruhusa, kama wewe unavyoomba wako akiugua. Au wako anauguzwa na nani, mzee?"

Mama mmoja, msimamizi wa zamu, akainamia kalamu yake ili kicheko kisimtoke.

"Niulizeni mitambo," fundi akaendelea. "Ninachokijua nitasema, nisichokijua nitasema. Ila miaka ile sitaiombea msamaha. Sikuwa nimelala."

Hawakumchukua.

"Si nilikwambia?" kaka yake akamcheka. "Ukweli haulipi kodi ya nyumba."

"Na uongo wako una meno, kaka. Ungekuja kuning'ata mimi, si wewe."

Akaendelea kuutuma wasifu uleule, bila kubadili hata nukta. Wawili wengine wakamkataa. Wa tatu alikuwa mama mwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko, aliyezoea kupiga kelele ili asikike juu ya mitambo, hata mitambo ikiwa imezimwa.

"Mtoto mzima sasa?"

"Mzima. Anapanda ukuta."

"Mtambo huu mpya umewahi kuugusa?"

"Sijawahi. Uliingia nikiwa nyumbani."

"Afadhali wewe. Aliyepita aliandika anaujua, akanivunjia rola. Utaanza msaidizi, chini ya yule kijana pale."

"Nitaanza. Lakini nikiuweza, unipe wa kwangu. Sitaki kuzeekea usaidizi."

"Una mdomo wewe!" bosi akasema, akamwonyesha pa kutundika koti.

Alikosea, akaharibu karatasi, akafundishwa na kijana mdogo kwake, akayameza yote. Kabla mwaka haujaisha akapewa mtambo wake. Na ratiba ya mkewe ilipobadilika hospitalini, hakutafuta kisingizio. Alibisha hodi ofisini.

"Bosi, naomba zamu ya asubuhi. Saa tisa nikamchukue binti yangu shuleni."

"Humu wamejaa akina baba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba hivyo."

"Wao wana lao, bosi. Mimi nimekuja kuomba langu."

Bosi akaguna, akanung'unika, akaivuta ratiba na kulikwangua jina la fundi kutoka zamu ya mchana.