Jumamosi Tuliyohamisha Nyumba ya Nyanya

Juzi mjukuu wangu, ambaye huniita shosho kama watoto wote wa Nairobi, alinionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa nyumba nzuri ya mawe huko pwani, lakini ilikuwa imebaki nusu. Bahari ilikuwa imekula ukuta wa mbele, na mwenye nyumba alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, kitanda chake kikionekana na kila mpita njia. Mjukuu akauliza kwa nini mtu yule hakuihamisha nyumba mapema. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe kwamba nyumba haihamishwi.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nikamwambia akae nimweleze. Nawe msomaji, kama una chai karibu, jimiminie kikombe, maana jambo hili sijawahi kulisema lote.

Sisi kule Gesima hatukuwa na bahari. Tulikuwa na vilima na mvua. Asubuhi jua lilitoka vizuri, watu wakaanika wimbi, yaani ulezi, na ikifika alasiri mawingu yalikusanyika na kila mtu akakimbilia ngozi yake ya kuanikia. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na baba alikuwa amerudi na koti zito la jeshi, ambalo mama alilifanya blanketi letu. Mimi nililala kwa nyanya, mama yake baba, katika nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi iliyokuwa chini kidogo ya boma letu. Mle ndani mlinuka moshi, mbuzi na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Nyanya alipika saga, mboga chungu ile, akaiacha ilale kwenye chungu na maziwa mpaka uchungu uishe, na ukiila na ugali wa wimbi ulisahau kwamba kesho kuna shule. Mpaka leo nikinunua saga sokoni huwa nailaumu tu, haijawahi kufikia ile.

Kando ya nyumba lilikuwa kaburi la babu. Nyanya alilipalilia kama shamba la mboga, na akipita na kibuyu cha maji alikuwa akimsimulia babu habari za siku, nani ameoa na ng'ombe wa nani amezaa. Alikuwa Msabato wa kweli, lakini hapo hukuweza kumwambia kitu.

Nyuma ya nyumba ndipo palipokuwa na uovu wangu. Ng'ombe walikuwa na njia yao ya kuteremkia mtoni, na sisi watoto tuligundua kwamba ukipasua kigogo cha mgomba katikati, ukakikalia na njia ikiwa na utelezi, unateremka kasi ya ajabu. Mvua isipotosha tuliongeza maji kwa vibuyu, maji yale yale tuliyotumwa kuleta nyumbani. Ni mimi niliyetoa wazo kwamba njia ya ng'ombe haina mteremko wa kutosha, na kwamba tukikata kona tupite nyuma ya nyumba ya nyanya tutaruka. Kweli tuliruka. Tuliteleza pale msimu mzima, matope mpaka kwenye kope, tukipiga kelele, na nyanya akisaga wimbi kwenye jiwe lake upande wa pili wa ukuta.

Msimu uliofuata mvua ilikuja ikakuta tumeitengenezea barabara. Maji ya kilima kizima, ambayo zamani yalifuata ng'ombe, yalikata kona yetu. Kwanza kulikuwa na mtaro ambao kuku angeweza kuruka. Kufikia katikati ya msimu mbuzi hakuweza. Baadaye likawa korongo jekundu ambalo kila alasiri lilimega kipande kingine cha uwanja wa nyanya, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

Wakubwa waliweka mawe na kupanda nyasi za tembo ukingoni, maji yakabeba vyote. Walisema ni njia ya ng'ombe ndiyo iliyoharibu. Hakuna aliyetutaja. Na mwalimu wetu, kana kwamba alikuwa ametumwa, wiki hiyo alitufundisha methali: mchuma janga hula na wa kwao. Nilikaa kwenye dawati nikahisi masikio yangu yanaungua.

Kila asubuhi nyanya alinituma nipime. Nilipanga wayo mbele ya wayo kutoka ukuta wa nyuma hadi ukingoni, nikarudi kumwambia. Nyayo kumi na nne. Nyayo kumi na moja. Alikuwa akisikiliza na kuendelea kuchochea moto. Baba alimsihi ahamie kwa mama, akakataa. "Huyu nimwache na nani?" akauliza, akionyesha kaburi kwa mwiko. Wakakubaliana kwamba nyumba itapanda upande wa juu wa kaburi, hatua thelathini hivi. Baba na amu zangu wakasimamisha nguzo mpya na fito, mama na wanawake wenzake wa boma wakakanyaga udongo wakakandika ukuta. Kilichobaki kilikuwa paa. Nyasi za kuezekea zilikuwa bado changa, hazingekuwa tayari mpaka kiangazi, kwa hiyo paa la zamani lingeng'olewa zima na kubebwa. Na kidole kimoja hakivunji chawa. Walihitajika wanaume thelathini au zaidi, yaani risaga, kazi ya kijiji kizima ambayo mwenye kuita hupaswa kuwanywesha watu pombe ya wimbi.

Hapo ndipo shughuli ilipokwama. Nyanya alisema pombe haitaingia kwake, atatoa uji mchachu. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mzee Mkatoliki mwenye sauti ya kuitia kilima kizima, ndiye aliyekuwa mwitaji wa risaga zote, naye alisema hajawahi kuona watu wakibeba paa kwa uji. Wakati hilo halijaisha likaja la siku. Jumamosi Wasabato hawafanyi kazi. Jumapili Wakatoliki wako kanisani. Siku ya soko la Nyaramba hakuna atakayebaki. Siku moja kulikuwa na mahari ya watu, nyingine mazishi. Wakubwa walikaa uwanjani wakijadiliana kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwelewa mwenzake kabisa, na nyuma ya nyumba nyayo zikawa nne.

Sikuwa nikila vizuri. Nilijua kwamba paa likiingia korongoni nyanya hatapata jingine mwaka ule, na kwamba ni mimi. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, mara mbili nikauliza kama aletewe kuni.

Ijumaa moja mvua ilinyesha kama iliyokasirishwa. Asubuhi ya Sabato nilitoka kupima. Wayo mmoja, na wa pili ulikuwa nusu hewani. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa ambamo ungeweza kuingiza mkono. Nyanya alikuwa amevaa gauni lake jeupe na kitambaa, Biblia kwapani. Aliutazama ufa, akatazama Biblia, akaketi kwenye jiwe la kusagia. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa bila kazi mkononi. Niliogopa, nikakimbia kuzunguka korongo nikamwite jirani.

Alikuja akitafuna. Akachungulia korongoni, akachungulia ufa, akavua kofia.

"Omong'ina," akamwambia nyanya kwa heshima inayompasa mama mzee, "leo ndiyo leo."

"Leo ni Sabato," nyanya akasema.

"Hata kitabu chenu kinasema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hutolewa."

"Kinasema ng'ombe. Hakikusema nyumba."

Jirani akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaenda zake. Nilidhani amekasirika. Baada ya muda mfupi alirudi akivuta ndama wake mwekundu kwa kamba, akampitisha mbele ya nyanya, akaingia naye ndani na kumfunga kwenye nguzo ya kati.

"Sasa ng'ombe yumo," akasema.

"Basi mtoe."

"Huyu ni mkaidi, hatoki bila nyumba."

Mabega ya nyanya yakaanza kutikisika, na ndipo nilipojua kwamba anacheka. Alisema tu, "Uji uko chunguni, niliuandaa jana." Jirani akapanda kichuguu, akaweka mikono mdomoni, akaita.

Waliokuja sijui kuwahesabu. Wasabato walitoka kanisani na nguo zao nyeupe, wakakunja suruali na kuvua viatu, wakavipanga kwenye kaburi la babu, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Wakatoliki wakaja na majembe. Walevi wa jirani wakaja na mirija yao ya kunywea pombe, kwa tumaini. Wakakata kamba zilizofunga paa kwenye ukuta, wakapitisha miti chini yake, na jirani akaanza kuimba wito nao wakaitikia, na paa likanyanyuka. Msomaji, nimeona ndege zikiruka, lakini sijaona kitu kama paa lile likitembea juu ya vichwa vya watu, miguu mingi chini yake kama jongoo, moshi wa miaka mingi ukidondoka vipande vipande juu ya mashati ya Sabato.

Nyanya alinipa kigae chenye makaa kutoka mekoni. Alisema moto wa nyumba ile usizimike, na kwamba nisikimbie. Nilitembea nyuma ya paa, kigae kikinichoma vidole kupitia jani la mgomba, na sikukiweka chini. Tulikuwa hatujafika kwenye nguzo mpya ukuta wa zamani ulipoanguka nyuma yetu. Hakuna aliyegeuka, paa lilikuwa zito. Ndama alikuwa ametolewa na amu yangu mdogo, na alikuwa akila maua ya kaburi.

Alasiri mvua ilinyesha juu ya nyasi zile zile na hazikuvuja sana. Jirani alitumbukiza mrija wake kwenye chungu cha uji, akavuta mpaka macho yakamtoka, uji mzito ukauziba. Akalalamika mwezi mzima.

Nyanya aliishi chini ya paa lile miaka mingi. Nilipokuwa mwanamke mwenye watoto, naye haoni tena vizuri, nilikwenda kumsalimu nikaketi kwenye kigoda karibu na moto na kumwambia yote: kigogo, vibuyu, kona. Alinipapasa mkono akitafuta vidole.

"Nilijua," akasema. "Si nilikuwa nasaga hapo ukutani? Niliyaona maji yakianza kupita. Nikasema, kesho nitawakataza. Kesho ikija, mnacheka. Nikasema tena, kesho." Akavishika vidole vyangu. "Nyumba nilijua watu watanihamishia. Ninyi mngenyamaza, ningemwita nani anirudishie kicheko?"

Hayo ndiyo niliyomwambia mjukuu, naye akaniuliza kama watu wa pwani wana jirani mwenye ndama. Hata kwetu paa sasa ni la mabati na kuta ni za mawe, na kati yetu na ukoo wa jirani kuna ua wa seng'enge. Siku hizi watu thelathini ukiwaita watakuja kuangalia, kwa simu zao.

Desemba iliyopita nilikwenda Gesima peke yangu. Korongo limejaa mikaratusi na nyasi za tembo, halili tena kitu. Nilikuta jiwe la kusagia limezama nusu ardhini, nikaketi juu yake pale ambapo ukuta ulikuwa. Watoto wote wa boma letu wako mijini. Nilisikiliza mpaka mvua ikaja, na kwenye kona yetu maji yakapita peke yake.